Gorila Fatz Ameketi Kimya: Utatuzi wa Matatizo ya Sanamu ya Mitambo Iliyostaafu

Fatz Geronimo ni gorila mpiga kinanda wa kundi la Rock-afire Explosion, sanamu za mitambo zilizotengenezwa na kampuni ya Creative Engineering ya Orlando, Florida, kwa ajili ya migahawa ya piza ya familia iliyoitwa ShowBiz Pizza Place. Mgahawa wa kwanza ulifunguliwa Kansas City, Missouri, mwaka 1980. Inaweza kusemwa kwamba Fatz amestaafishwa mara mbili. Mshindani wa ShowBiz, Pizza Time Theatre, yaani migahawa ya Chuck E. Cheese, alifilisika mwaka 1984 na mali yake ikaunganishwa na ya ShowBiz. Kisha, kati ya mwaka 1990 na 1992, sanamu za Rock-afire zilivuliwa ngozi zao na kuvishwa wahusika wa upande wa pili, Fatz akawa Mr. Munch, yule zimwi wa zambarau, huku mifupa ya chuma iliyo ndani ikibaki ile ile. Katika miaka ya karibuni hao nao wameondolewa katika matawi mengi ya Chuck E. Cheese nchini Marekani, na tawi la Northridge, California, ni miongoni mwa machache yaliyoachiwa bendi yao.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeipata sanamu ya aina hiyo baada ya kukaa ghalani kwa miaka. Ninalotaka lieleweke tangu mwanzo ni kwamba magonjwa ya sanamu iliyostaafu si yale ya sanamu iliyo kazini. Iliyo kazini huharibika kwa kuchakaa: bushi hulika, nati hulegea, hozi hukatika pale inapojikunja kila siku. Iliyostaafu huharibiwa na utulivu, kwa maana mipira hukauka mahali ilipolala, maji hukaa ndani ya mabomba, ngozi hugeuka kuwa gamba, na grisi hugeuka kuwa gundi. Fundi asiyeitambua tofauti hii hukimbilia kompyuta na nyaya, ilhali kosa limejificha katika kipande cha mpira cha ukubwa wa pete.

Viungo vya Fatz haviendeshwi na mota. Vinasukumwa na hewa iliyoshindiliwa, ambayo hapa nitaiita upepo, kama mafundi wetu wanavyosema breki za upepo za malori na mabasi. Fundi aliyezoea breki hizo hatakuwa mgeni mbele ya gorila huyu: kuna kompresa, kuna tangi, kuna chujio na regyuleta (kifaa cha kurekebisha shinikizo), kisha kuna vali zinazofunguliwa na sumaku ya umeme, na mwisho kuna silinda ndogo ambazo pistoni zake huvuta taya, kope, macho, shingo, mikono na kiwiliwili. Amri za kufungua vali zilirekodiwa katika kanda ile ile iliyobeba wimbo. Kanda ilikuwa na njia nne, mbili za sauti na mbili za data, na data hiyo ukiisikiliza kwa spika ni mlio mkali usiovumilika. Hivyo safari ya amri moja ni hii: kanda, kisomaji cha data, transista (swichi ya kielektroniki), koili ya vali (waya uliozungushwa unaoleta nguvu ya sumaku), upepo, pistoni, kiungo. Kutatua tatizo ni kutafuta mahali ambapo safari hiyo imekatikia.

Kabla ya kutia mkono kinywani

Funga upepo kwenye tangi, kisha umwage uliobaki katika hozi mpaka geji isome sifuri, ndipo uzime umeme. Utaratibu huu usiugeuze. Ukizima umeme peke yake, vali zitarudi katika hali yake ya mapumziko na pistoni zinaweza kuruka wakati vidole vyako viko ndani ya taya. Silinda yenye kipenyo cha milimita 25, ikipewa shinikizo la bari 4, husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 20, na taya lenye nguvu hiyo halijali kwamba sanamu ilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Vaa barakoa unapoifungua kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sponji iliyooza hutoa vumbi laini, na mara nyingi panya huwa wamejenga viota ndani yake. Huenda panya hao walizikagua nyaya kabla yako: waya uliotafunwa ganda utakupotezea siku nzima usipouona mapema.

Sanamu nzima haisogei

Hapa watu wengi huanza na kanda au kompyuta. Ni kosa, kwa sababu kisomaji cha data kikifa huku vifaa vingine vikiwa vizima, bado unaweza kuvijaribu viungo kimoja kimoja kwa mkono, lakini upepo ukikosekana hakuna jaribio lolote litakalokupa jibu la kuaminika. Anza na geji iliyo baada ya regyuleta, usianze na ile ya tangi. Tangi linaweza kuwa limejaa wakati regyuleta imeganda kwa kutu au chujio limezibwa na tope la mafuta na maji, na geji ya tangi ikakudanganya kwamba kila kitu ni salama.

Geji ikisoma vizuri, funga upepo unaoingia na uitazame kwa dakika 10 bila kuamrisha kiungo chochote. Ikishuka haraka, kuna mvujo mkubwa. Pitisha brashi yenye maji ya sabuni kwenye kila kiungio cha hozi na utazame povu linapotokea. Hozi za plastiki zilizokaa kwenye joto hukakamaa zaidi mwishoni, pale zilipobana juu ya kiungio, kwa hiyo katika hali nyingi hulazimiki kununua mpya. Kata sentimita moja ya ncha kwa wembe mkali, uirudishe kwa kuisukuma mpaka mwisho, na mvujo utakoma. Hozi ikivunjika unapoikunja, hapo haina budi kubadilishwa nzima.

Upepo ukiwapo na vali zikiwa kimya, ndipo ugeukie umeme. Soma kibandiko cha vali kabla ya kuunganisha chanzo chochote cha umeme, wala usikisie volti kwa kuangalia rangi ya waya. Pima umeme unaofika kwenye bodi, kagua fyuzi, kisha fuatilia waya wa pamoja ambao vali zote zinautegemea. Waya huo ukiachia, sanamu nzima hufa kwa mpigo mmoja, na kwa mtazamaji dalili yake haitofautiani na ya kompresa iliyozimwa.

Kiungo kimoja tu ndicho kilichokufa

Hili ndilo tatizo la kawaida, na kwa bahati nzuri lina jaribio linaloligawa katikati. Vali nyingi za sumaku zina kitufe kidogo pembeni kinachobonyezwa kwa ncha ya bisibisi, ambacho kazi yake ni kuifungua vali bila umeme. Ukiwa umerudisha upepo na kuondoa mikono yako kwenye sanamu, bonyeza kitufe cha vali ya kiungo kilichokufa.

Kiungo kikisogea, basi upepo, hozi, silinda na mifupa vyote ni vizima, na kosa liko upande wa umeme. Zima umeme, chomoa koili na uipime kwa mita. Koili iliyokatika ndani haitaonyesha njia yoyote ya umeme kupita. Iliyoungua kwa kiasi itaonyesha upinzani mdogo kuliko wa jirani zake, na ndiyo maana inafaa kupima koili tatu au nne za aina moja na kuzilinganisha badala ya kutafuta namba kamili. Harufu ya vanishi iliyoungua pia ni ushahidi. Koili ikiwa nzima, kagua diodi iliyofungwa sambamba nayo, kwa sababu kazi yake ni kumeza mshtuko wa umeme unaorudi vali inapozimwa. Ikikatika, mshtuko huo huiua transista. Ikifungwa kinyume baada ya matengenezo ya haraka, inakuwa njia ya mkato ya umeme, na kosa hilo nalo huiua transista hiyo hiyo.

Kiungo kisiposogea unapobonyeza, kosa liko upande wa upepo au wa mifupa. Ng'oa hozi mahali inapoingilia silinda, uishike kwa nguvu, ubonyeze tena. Upepo ukitoka kwa kishindo, vali na hozi hazina kosa na silinda ndiyo mgonjwa. Usipotoka, ama hozi imekunjwa au kuzibwa mahali fulani, ama vali imeganda.

Vali iliyoganda ndiyo kielelezo bora cha ugonjwa wa kustaafu. Ndani yake kuna kijiti kinachoteleza juu ya pete nyembamba za mpira, na kijiti hicho kikikaa mahali pamoja kwa miaka, pete hujibandika kwenye chuma huku mafuta ya zamani yakigeuka kuwa utando unaonata. Mara nyingi utasikia koili ikitoa mlio wa tiki, ishara kwamba sumaku inavuta, lakini kijiti hakiendi. Kishawishi kinachowapata wengi ni kupuliza ndani dawa ya kulegezea kutu. Nashauri usifanye hivyo. Dawa hiyo hulegeza kwa siku chache, kisha viyeyushi vyake huondoka na kuacha utando mwingine, tena mafuta ya asili ya petroli huvimbisha baadhi ya aina za mpira. Njia ndefu ndiyo fupi: fungua vali, piga picha kila hatua, safisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, badilisha pete za mpira kwa zenye vipimo vile vile, na upake grisi chache ya silikoni inayokubaliana na mpira huo.

Mdomo umebaki wazi

Gorila anayeduwaa mdomo wazi tangu umeme unapowashwa humtia mtu wasiwasi, lakini utambuzi wake ni mwepesi. Chomoa waya wa koili ya taya. Taya likijifunga, transista imeungua kwa namna ya kuacha umeme upite daima, nayo ibadilishwe pamoja na diodi yake. Likibaki wazi, kosa ni la vali iliyokwama ikiwa imefunguka, au la kile kinacholirudisha taya, yaani springi iliyokatika au hozi ya pili iliyochomoka. Tazama nyuma ya taya kwa tochi kabla ya kufungua vali, kwa kuwa springi hugharimu dakika tano na vali hugharimu alasiri nzima.

Taya ni zito na linachelewa kufuata wimbo

Hapa ndipo sanamu nyingi zilizostaafu hujeruhiwa na wale wanaozipenda. Taya linachelewa, mwenye sanamu anaona kwamba nguvu haitoshi, anazungusha regyuleta ili kuongeza shinikizo, taya linaanza kwenda, na wiki ya pili ngozi inapasuka kwenye pembe ya mdomo. Shinikizo halikuwa dogo. Mzigo ndio uliozidi.

Nyuso za sanamu hizi zilitengenezwa kwa lateksi, ambayo ni utomvu wa mpira, na utomvu wa mpira haustahimili mwanga wa jua, joto wala ozoni, gesi inayotokana, pamoja na mambo mengine, na cheche za mota za umeme. Ikizeeka, huweza kupita njia mbili zilizo kinyume: ama inalainika na kunata, ama inakakamaa na kupasuka kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi. Iliyokakamaa hugeuka kuwa springi inayolipinga taya. Sponji iliyojazwa nyuma yake nayo, kwa kuwa ni ya poliyurethani, huvunjikavunjika kwa unyevu na kuacha makombo yanayojikusanya kwenye bawaba.

Ili ujue mzigo unatoka wapi, funga upepo, uumwage, na ulichezeshe taya kwa mkono. Linatakiwa kwenda bila ukinzani unaobadilika njiani. Likiwa zito, legeza ngozi pale inaposhikiliwa chini ya kidevu na ujaribu tena. Likiwa jepesi sasa, umempata mkosaji, na hakuna marekebisho ya upepo yatakayomponya. Likibaki zito, kosa liko kwenye bawaba au bushi. Likiwa jepesi tangu mwanzo, chomoa pini inayounganisha taya na pistoni, usukume pistoni kwa kidole: pistoni inayokwama kisha kuruka ina mpira uliokauka, na iliyo na mkwaruzo kwenye fimbo yake itaula mpira mpya utakaoweka, kwa hiyo fimbo hiyo ibadilishwe pia.

Baada ya hayo yote ndipo uguse skrubu za kudhibiti mwendo, ambazo hubana upepo unaotoka kwenye silinda ili kiungo kisikimbie. Taya na kope zinahitaji kwenda kwa kasi, ilhali shingo na kiwiliwili vinahitaji utulivu, la sivyo gorila ataonekana kama mtu aliyeumwa na nyigu. Hesabu mizunguko kabla ya kubadilisha chochote, iandike kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na vali, kisha geuza robo mzunguko kwa wakati mmoja. Iwapo sanamu yako iliwahi kuvishwa Mr. Munch, usiichukulie mipangilio uliyoikuta kuwa ni ya Fatz. Uso mwingine ulikuwa na uzito mwingine, na huenda fimbo za kuunganishia zilirekebishwa ili ziendane nao.

Ngozi iliyokakamaa hailainiki tena kwa mafuta wala losheni. Mimi ningeivua, nikaihifadhi gizani juu ya umbo linaloishikilia isijikunje, nikamvisha Fatz uso mpya uliotolewa kwenye kalibu ili aweze kuimba. Wapo wanaopendelea kuuacha uso wa asili mahali pake na kuiacha sanamu bila kuiendesha kamwe, na hoja yao ina uzito. Jambo lisilo na hoja ni kuupaka gundi uso wa zamani na kuendelea kuuvuta mara mia kwa kila wimbo.

Anaimba vizuri peke yake lakini huchoka kundi zima likianza

Ikiwa una sanamu zaidi ya moja na viungo vinalegea kiitikio kinapopamba moto, tazama geji wakati huo huo. Ikizama na kupanda pamoja na muziki, ugavi wa upepo hautoshi. Kompresa ndogo ya gereji inaweza kuonyesha shinikizo lile lile lililotumika mgahawani, lakini haiwezi kutoa kiasi kile kile cha hewa kwa dakika, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kuongeza tangi husaidia wimbo mfupi tu. Kwa onyesho refu hakuna budi kupata kompresa kubwa zaidi, au kuziba mivujo ambayo umekuwa ukiivumilia. Mwaga maji ya tangi kila baada ya matumizi, hasa mahali penye unyevu.

Anatikisika ovyo, au anafanya kazi ya mwenzake

Mtikisiko usiofuata wimbo, ikiwa kitufe cha kila vali kinafanya kazi sawasawa, ni dalili ya data iliyochafuka. Kwa anayetumia kanda ya asili, safisha kwanza kichwa cha mashine. Ikiwa kanda inalia kama mlango usiotiwa mafuta, inapunguza mwendo, na kuacha tope la kahawia kwenye kichwa, isimamishe papo hapo. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku katika baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu na kunata, na kila mzunguko unaofuata unakwangua wimbo na amri kwa pamoja. Mtaalamu wa kuhifadhi kanda huweza kuipasha moto mdogo kwa saa kadhaa na kuirudishia uzima kwa muda wa kutosha kuinakili. Usiijaribu kazi hiyo kwenye jiko la nyumbani.

Kwa anayetumia nakala ya kidijitali, swali la kwanza ni muundo wa faili. Muundo kama MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa yale ambayo sikio la binadamu halitayakosa, lakini kisomaji cha data si sikio, na kingo za mawimbi zilizolainishwa ndizo kilizokuwa kikizihesabu. Data itunzwe katika faili lisilobanwa, kama WAV, na ichezwe bila ekwalaiza wala marekebisho yoyote ya sauti. Kugeuka kwa nyaya chanya na hasi kusikupe shaka: data hii imefumbwa kwa namna ambayo kinachohesabiwa ni mabadiliko ya wimbi, si mwelekeo wake.

Ikiwa mtikisiko hutokea tu pale kompresa inapowaka, lawama ni za umeme. Tenganisha chanzo cha umeme cha kisomaji na kile cha kompresa, na uhakikishe fremu ya chuma imeunganishwa ardhini.

Mwisho kuna dalili inayochekesha wageni: gorila anatakiwa kupiga kinanda, lakini mwenzake jukwaani ndiye anayefumba kope. Hapo njia mbili za data zimebadilishana mahali, mara nyingi kwa sababu ya plagi ya kushoto kuwekwa kulia. Zibadilishe. Ikiwa kundi zima linakwenda sawa na ni viungo viwili tu vilivyobadilishana ndani ya Fatz mwenyewe, mtu aliwahi kuchomoa hozi bila kuziwekea alama, na jibu ni kuzifuata moja moja kwa kitufe cha vali huku msaidizi akitaja kilichosogea.

Kila kiungo kikijibu, muendeshe Fatz kwa nyimbo mbili au tatu kila wiki, hata kama hakuna mtazamaji, ili vijiti vya vali visipate nafasi ya kulala tena mahali pamoja. Ukimaliza, mwaga upepo wote, mwache taya likiwa limefungwa ili ngozi isikae imevutika, na umfunike kwa shuka la pamba badala ya nailoni, kwa sababu nailoni huuzuia unyevu usitoke.